Chupa ya Pili Chini ya Kitanda

Kasongo, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Feza mwanangu,

Umeenda kumuaga bibi yako, na ninamjua mama mkwe wangu: hatakuachia kabla hajakufungia muhogo wa kuchoma na maneno ya mwaka mzima. Kwa hiyo nina saa mbili hivi. Nimekaa ndani, naandika nyuma ya karatasi za maandalio ya darasa la nne, maana madaftari mapya yote nimeyatia kwenye mzigo wako. Mlango wa mbele nimeufunga kwa komeo. Usinicheke. Unanijua, siwezi kuandika jambo la maana wakati jirani yeyote anaweza kuingia kuomba chumvi na kuchungulia begani.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za koti la mvua, wala za kumtazama dereva wa pikipiki asinywe kitu njiani. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka mdogo wako Bahati ameanza kuyaimba. Nataka kukuambia jambo ambalo nimelikalia miaka kumi na miwili. Nikilisema kwa mdomo nitalipindisha, ninajijua. Kwenye karatasi utaweza kurudi nyuma ukasoma tena na kunishika.

Kesho unaenda Kabambare kufanya staji, mazoezi yako ya kazi, kwenye maabara ya kituo cha afya, na utakaa kwa Mama Neema. Mwezi uliopita alipopiga simu, wewe ulikuwa shuleni. Baba yako aliweka sauti juu ili tusikie sote. "Nimesikia mutoto wa Mwalimu anakuya kufanya staji huku," alisema. "Atalala wapi? Akuye kwangu. Nafasi iko." Baba yako akashukuru mara tatu. Mimi nikasema mtandao ni mbaya, nikachukua simu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuambia kwamba nyumba yake inavuja, kwamba ni mbali na kituo, kwamba ana wapangaji wengi wanaume. Yote hayo niliyaokota hewani. Sijawahi kuiona nyumba ile. Ukweli ni kwamba nilijiuliza: kwa nini? Mtu niliyemfanyia vile ana sababu gani ya kumlisha mtoto wangu? Nilifikiri, amengoja miaka yote hii, na sasa ninampelekea mtoto mwenyewe mpaka mlangoni, na begi lake mkononi. Ndiyo, Feza, nilifikiri hivyo, na bado nafikiri hivyo kidogo hata sasa ninapoandika. Ili uelewe, lazima nikurudishe kwenye baraza yetu na masomo ya Jumamosi.

Nilikuwa mwalimu kijana na nilijiona mtu. Shuleni tulifundisha mikrobe kwa chaki: duara lenye manyoya ubaoni. Watoto wananakili duara, wanapata alama zote, kisha wanatoka nje kula mapera kwa mikono waliyoshikia mbuzi. Nikasema hapana, hawa wa kwangu wataviona vijidudu vikifanya kazi. Nikaanza kuwakusanya barazani, wewe, Bahati na watoto wa jirani, saba au wanane.

Unakumbuka somo la mawese na makaa? Nilimpaka mtoto mmoja mawese mkononi, nikamnyunyizia makaa yaliyotwangwa, nikawaambia chezeni kama kawaida. Baada ya muda mfupi weusi ulikuwa kwenye sikio la kikombe, kwenye mlango, kwenye shavu la Bahati, na juu ya pua yangu mimi niliyekuwa nimekaa pembeni. "Mwalimu naye iko nayo!" Neema, binti wa huyo Mama Neema, alipiga kelele, akaanguka chini kwa kicheko. Kisha tukafanya somo la chachu ya mandazi: maji ya vuguvugu na sukari kwenye chupa, sashe tupu ya plastiki ikafungwa kwenye mdomo wa chupa, na sashe ikavimba ikasimama yenyewe. Wewe ukaniuliza kama vile vitu vinapumua. Nikajibu ndiyo, haraka, kwa sauti ya mwalimu. Sikuwa na hakika. Jibu lilitokea kuwa sahihi, lakini angalia jinsi nilivyolitoa.

Tukaloweka muhogo kwenye mabeseni mawili, moja maji mapya matupu, jingine maji mapya na kikombe cha maji ya muhogo wa zamani. Kila siku mlibonyeza kwa kidole na kunusa huku mmekunja nyuso. Ule wa maji ya zamani ulilainika kwanza, nanyi mkajua kwamba bibi zenu wanafuga vijidudu tangu zamani bila kuviita jina.

Na chupa za mayonezi. Kipande cha kiazi kitamu kilichoshikwa na mkono mchafu, kingine kilichoshikwa na mkono ulionawa kwa sabuni, cha tatu kilichotiwa kwa uma uliochemshwa. Tulizifunga kwa utepe, na ilikuwa mwiko kuzifungua; tulizitazama tu kupitia kioo cha chupa mpaka mwisho, kisha tukazizika kwenye shimo. Niliwafundisha mkakariri: kila chupa na mwenzake. Ukiweka chupa moja peke yake, niliwaambia, haikuambii kitu, kwa sababu hujui ingekuwaje bila kile unachokishuku. Mlikuwa mkiliimba hilo mkienda kuchota maji.

Kuna somo moja sikulimaliza. Unajua desturi yetu: anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, uone kwamba hakuna sumu. Nilitaka kuwaonyesha kwamba kijiko kile kile kinatoka mdomoni kinarudi kikombeni. Nikampaka mtoto mawese midomoni, akaonja vikombe vinne kwa kijiko kimoja, na mafuta yakaonekana yanaelea hadi kikombe cha mwisho. Kumbe kuna mama mmoja alikuwa amesimama kwenye uzio. Jioni ile ile habari ikazunguka: "Mwalimu hataki watu waonje tena. Iko na nini ya kuficha?" Siku mbili watu walinisalimia kwa mbali. Niliogopa, Feza. Nililifuta somo lile na sikulirudia. Nilijua tayari, kwa siku mbili tu, jinsi inavyokuwa kutazamwa namna ile, na bado nikafanya nilichofanya.

Mama Neema alikuwa mpangaji nyumba mbili kutoka kwetu. Alitoka upande wa Kivu na watoto wawili, akimfuata mume aliyekuwa anachimba dhahabu Lusangi, na mume akaenda na njia zake. Akabaki anauza uji na mandazi asubuhi. Watu walinunua, lakini alikuwa mtu wa kuja, na mtu wa kuja huwa hatazamwi usoni, anatazamwa mikononi. Alionja kila kikombe mbele ya kila mnunuzi, hata akiwa ameshiba mpaka anasikia kichefuchefu.

Siku moja Bahati alikunywa uji wa Mama Neema asubuhi. Mama Neema aliuonja mbele yangu, nilimwona. Mchana mtoto alianza kutapika na kuhara, na kufikia jioni macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimkimbiza kituo cha afya, muuguzi akamwekea maji ya mshipa. Alipokuwa anatafuta mshipa aliniuliza bila kunitazama, "Maji ya kunywa munachemshaka?"

Nikasema, "Ndiyo."

Tulikuwa hatujachemsha maji mwezi mzima. Kuni zilikuwa zimelowa, mimi nilikuwa nimechoka, na maji ya chemchemi yalikuwa yanaonekana safi. Mimi, Mwalimu wa mikrobe! Muuguzi akainua uso akanitazama kidogo tu, nikajua ameelewa. Aibu ile ilinichoma kuliko hofu ya mtoto, na hilo mama hapaswi kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Njiani kurudi wanawake waliniuliza, "Mutoto alikula wapi?" Hakuna aliyeuliza alikunywa maji gani. Nikajibu, "Alikunywa uji ya Mama Neema." Ilikuwa kweli tupu. Nililichagua neno la kweli ambalo lingefanya kazi ya uongo, na nilihisi mzigo unashuka kutoka kichwani kwangu na kwenda kukaa juu ya kichwa cha mwingine.

Kwenye kikombe cha Bahati kulikuwa na uji uliobaki. Nikautia kwenye chupa ya mayonezi nikaifunga. Nilijidanganya kwamba nataka kujua. Baada ya siku kadhaa ukaota unyoya mweupe, kisha kijani, kisha vidoa vyeusi. Bahati alikuwa amekwisha kupona, anawafukuza kuku uani. Na nilipouona ule ukungu, mwanangu, nilifurahi. Katika yote haya, hilo ndilo ninalolionea haya zaidi. Nilijua ukungu ni nini. Nilijua unaota kwenye uji wa mtu yeyote, hata wa padri, na kwamba hausemi lolote juu ya sumu wala juu ya kilichomwangusha mtoto. Nikaifunika chupa kwa kitenge, nikampelekea mkubwa wa mtaa, shefu.

Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka minane, umesimama karibu na goti langu. Shefu aliiweka chupa mezani na watu wakarudi nyuma. Nilisema, "Mimi sisemi kitu. Muangalie ninyi wenyewe." Hivyo ndivyo nilivyosema, na kila mtu alijua kwamba mimi ndiye mwenye elimu ya vitu hivyo.

Mama Neema hakulia. Aliitazama ile chupa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," alisema, "na ile chupa ingine iko wapi? Neema ananiambiaka, kwako chupa inakuwaka mbili."

Nikasema, "Hakuna ingine."

Ndipo wewe ukasema, kwa ile sauti yako nyembamba, "Mama, iko. Niliiweka chini ya kitanda."

Watu wote walikugeukia. Ningeweza kukomea hapo. Hata sasa naona kwamba mlango ulikuwa wazi kabisa, nami nilihitaji tu kusema, nenda kailete. Badala yake nilikushika bega na kucheka kidogo, nikawaambia, "Huyu alikuwa na homa. Anaota."

Tulipofika nyumbani ulikimbia chumbani ukatoka nayo. Uji wetu wenyewe, wa sufuria yetu, wa siku ile ile. Uliandika kwa kalamu yangu nyekundu: YETU. Unyoya ule ule, kijani kile kile. Kama kulikuwa na tofauti, wetu ulikuwa umeota zaidi. "Angalia, mama," ulisema, "zinafanana." Ulikuwa na furaha, ulidhani umenisaidia. Nilikunyang'anya chupa, nikaenda kuizika nyuma ya choo, nikarudi nikakuambia hapakuwa na chupa, ulikuwa na homa wiki nzima, umeota. Mwenye homa alikuwa Bahati, si wewe. Ukaanza kulia taratibu, kama mtoto aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Feza, chupa ilikuwepo. Uliona vizuri. Kila kitu ulichokiona siku ile kilikuwa kweli, na mama yako ndiye aliyekuwa anasema uongo.

Baada ya mkutano ule hakuna aliyenunua uji wake tena. Usiku mawe yalianguka juu ya bati lake. Mwenye nyumba akamwambia atafute pengine. Aliondoka baada ya siku chache kwa barabara ya Kabambare, kwa miguu, anasukuma baiskeli iliyobeba sufuria na godoro, Neema mbele amebeba chekecheo kichwani. Niliwatazama kutoka nyuma ya pazia. Baba yako aliporudi kutoka kwenye machimbo akasikia habari, aliniuliza swali moja: "Una hakika?" Nikamjibu, "Mimi ni mwalimu." Hakuuliza tena, na sijui kama aliniamini.

Masomo ya Jumamosi yakaisha yenyewe. Nilisema sina nafasi. Kweli ni kwamba sikuweza tena kuishika chupa ya mayonezi mbele yako.

Wewe ulianza tabia moja. Ukiona kitu, ndege, doa la ukuta, namba ubaoni, unamvuta mtu mkono: "Na wewe unaona?" Nilidhani itapita. Haikupita. Mwaka jana mwalimu wako wa maabara alinisimamisha sokoni akakusifu: "Feza ni muangalifu sana. Hawezi kuandika matokeo mpaka mwenzake naye atazame kwenye mikroskopi." Nikasema asante, nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikaenda kulia nyuma ya kibanda cha samaki. Yeye aliona uangalifu. Mimi nilijua ulikotoka.

Endelea kumwita mwenzako atazame, maana ni kazi nzuri. Lakini wewe tazama kwanza na uamini ulichoona, kisha mwite yeye kama shahidi, si kama mtu wa kukupa ruhusa ya kuwa na macho. Haya mawili yanafanana kwa nje, na nimekaa nayo muda mrefu mpaka nikayatenganisha.

Sikuambii usishuku. Nani, mimi? Nimefunga mlango kwa komeo mchana kweupe! Kule maabara shuku ni nusu ya kazi: ishuku chupa, ishuku rangi, mshuku aliyeandika jina kwenye kile kibao cha kioo cha mikroskopi. Lakini siku matokeo yatakapokufurahisha kupita kiasi, simama ujishuku wewe mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi nilimtazama Mama Neema mikononi miaka miwili na sikuwahi hata siku moja kuitazama ndoo yangu ya maji.

Wala sijui hadi leo ni nini hasa kilimwangusha Bahati. Huenda ni maji yetu. Huenda ni kijiko cha kuonja kilichopita midomo ishirini kabla ya kikombe chake. Mara nyingine, hata sasa, kuna sauti ndogo inayoniambia, na kama ilikuwa ni yeye kweli? Ninakuandikia hilo pia kwa sababu nimeamua kutokuficha kitu. Shuku haikuondoka kwa kuwa nimejua ni mbaya. Ninaishi nayo, nimejifunza tu kutoiamini inapozungumza peke yake.

Kwa nini amekukaribisha? Nimegeuza swali hili mpaka limeisha makali. Labda amesamehe. Labda anataka kusikia kutoka kwa yule mtoto aliyesema "iko" mbele ya watu, maana wewe peke yako ulimtetea siku ile, na mimi nikakufanya usahau. Labda ana nafasi tu nyumbani kwake na ni mtu mwema. Lile la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi.

Asubuhi ya leo, ulipokuwa unafua, nilikwenda kwa shefu wa mtaa. Yule mzee hayupo tena, sasa ni mwanawe. Nilimwambia yote. Alinisikiliza akikwaruza meza kwa ukucha, kisha akasema, "Mwalimu, jambo kama hii haimalizike kwa sikio yangu peke yangu." Kwa hiyo amewaita watu wa mtaa, wale wa wakati ule ambao bado wako hapa, wakutane kwake kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitasema mbele yao. Atayaandika, atapiga muhuri, na karatasi hiyo utampelekea Mama Neema mkononi mwake. Baba yako nitamwambia jioni hii, kabla ya chakula. Dereva nimekwisha kumwambia kwamba mtaondoka kwa kuchelewa. Amenuna, mwache anune.

Ninakuomba uje nami. Sikuulizi kama umenisamehe, hilo lichukue uende nalo Kabambare ulifikirie kwa nafasi yako. Ninakuomba uje kwa sababu sijiamini. Ninajua nitakapoona nyuso zile nitaanza kusema kwamba mtoto alikuwa mgonjwa, kwamba nilikuwa peke yangu, kwamba watu ndio walioelewa vibaya. Najua hata sauti nitakayotumia. Simama pale pale karibu nami, na nikianza kupindisha, nikatize mbele ya watu wote.

Mama yako